Nyumba za Wageni za Njia Kuu: Historia ya Malazi Tunduma na Nyanda za Songwe

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na kuwekewa makao makuu Vwawa, una mandhari ambayo kwingineko ingekuwa imekwisha kuzaa hoteli ndogo za mashambani: mashamba ya kahawa ya Mbozi, milima ya Ileje inayotazamana na Malawi ng'ambo ya Mto Songwe, na bonde la Ziwa Rukwa upande wa kaskazini. Hata hivyo, malazi ya mkoa huu hayakufuata uzuri wa nchi bali yalifuata njia, na ndiyo maana nyumba zake nyingi za wageni, ambazo wenyeji huziita gesti, zimejipanga kando ya barabara itokayo Mbeya kupitia Mlowo na Vwawa hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia.

Kabla ya ukoloni, msafiri aliyepita katika nchi ya Wanyiha na Wanyamwanga alikuwa mgeni wa mtu na si mteja wa nyumba, kwa kuwa usalama wake ulitegemea mwenyeji aliyemkaribisha pamoja na mwene, yaani mtawala wa jadi. Hali hiyo ilianza kubadilika katika miaka ya 1880, ilipojengwa Njia ya Stevenson iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na hasa baada ya mkataba wa 1890 ambao kwao Uingereza na Ujerumani zilipitisha mpaka karibu na njia hiyo.

Enzi ya Waingereza iliyapanga malazi kwa rangi. Mbeya, ambako machimbo ya dhahabu ya Lupa yalivuta watu na ndege za Imperial Airways zilianza kutua mwaka 1932 zikielekea Cape Town, ilipata hoteli iliyokuja kumilikiwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lakini hoteli za namna hiyo zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliyekwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), au aliyeandikishwa na Wenela, shirika lililopeleka vibarua katika migodi ya Afrika Kusini, alilala kambini au alifikia kwa ndugu. Ni kosa, basi, kuianzishia historia ya malazi ya nyanda hizi kwenye hoteli za wakoloni. Gesti imetokana zaidi na desturi ya kufikia kwa mtu, ambayo baadaye ilikuja kulipiwa.

Tukio lililoisukuma Tunduma mbele lilitokea mbali nayo. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru, na Zambia, iliyokuwa imezoea kupitisha bidhaa zake kusini, ikalazimika kutafuta bahari kupitia Dar es Salaam. Malori ya mafuta yakaanza kupita katika barabara ya vumbi na tope iliyoua madereva wengi, likafuata bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, kisha barabara ya lami, na mwaka 1973 reli ya TAZARA ikafika Tunduma. Dereva na utingo wake waliosubiri karatasi za forodha walihitaji mahali pa kulala, pa kuoga na pa kulaza lori bila kuibiwa mzigo, na mahitaji hayo matatu ndiyo yaliyoumba gesti ya Tunduma.

Sababu nyingine iliyoumba gesti ni ya kisheria. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kumiliki nyumba ya kupangisha, na Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya 1971 ikaiwezesha serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi. Katika mazingira hayo mwenye fedha alikuwa na sababu ya kujenga kidogo na kuongeza taratibu, mpaka Azimio la Zanzibar la 1991 lilipoyalegeza masharti ya viongozi. Gesti ya kawaida ni nyumba ya tofali za kuchoma na bati, vyumba vikitazamana kuvuka ukumbi mwembamba au ua, na kila chumba kina kitanda, chandarua na kandambili. Alfajiri mhudumu hugonga mlango na kuacha ndoo ya maji ya moto, jambo la thamani kubwa katika baridi ya Juni na Julai. Mapokezi kuna kitabu cha wageni, ambamo mgeni hujaza jina, kabila, kazi, atokako na aendako. Vitabu hivyo ni kumbukumbu adimu ya mwendo wa watu wa kusini mwa Afrika, na inasikitisha kuviona vikichukuliwa kama karatasi za kutupwa.

Kwingineko mandhari yenyewe iliziokoa nyumba za njiani. Huko Wales, nyumba za wageni zilizokuwa zikipokea magari ya farasi zilipata uhai mpya wapanda milima walipozigundua. Hoteli ndogo ya Pen-y-Gwryd, chini ya mlima Snowdon, ilikuwa kambi ya mazoezi ya timu iliyofika kilele cha Everest mwaka 1953. Mbozi haijapata bahati hiyo, ingawa ina Kimondo, bonge la chuma la tani nyingi kutoka angani, linalohifadhiwa kisheria tangu 1967. Wanaokwenda kukiona wengi hurudi kulala Vwawa au Mbeya siku hiyohiyo.

Oktoba 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, mji wa Zambia ulio ng'ambo ya mpaka, kilichokusudiwa kupunguza muda wa malori kusubiri, yaani ule muda hasa uliozilisha gesti kwa zaidi ya nusu karne. Wakati huohuo barabara ya lami ya kilomita 50 hivi imejengwa kutoka Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, hadi Isongole mpakani mwa Malawi, ikikatiza milima ya Ileje, na huko njia na mandhari, vilivyotengana kwa muda mrefu katika historia ya malazi ya Songwe, sasa viko mahali pamoja.