Historia ya Ushirika wa Kompyuta katika Elimu ya Usanifu Wake

Kila elimu ina chombo chake, na mwanachuoni aliyekikosa hubaki na maswali yasiyo majibu. Mnajimu ana darubini, na tabibu ana hadubini. Elimu ya usanifu wa kompyuta, ambayo huchungua jinsi sehemu za ndani ya kompyuta zipasavyo kupangwa ili ifanye kazi upesi na kwa nguvu kidogo ya umeme, chombo chake ni kompyuta yenyewe. Tena haitoshi moja wala kumi. Makala haya yataka kueleza jinsi vyuo vikuu vya Marekani vilivyokipata chombo hicho kwa njia ya ushirika, na kuonyesha kuwa ushirika huo ulisimama juu ya nguzo moja, nayo ni heshima kwa haki ya mwenye mali.

Yafaa kwanza kufahamu asili ya haja yenyewe. Kutengeneza prosesa mpya ili kujaribu wazo moja hugharimu fedha nyingi kupita uwezo wa idara ya chuo. Kwa hiyo mtafiti huandika programu inayoiga prosesa aliyoiwaza. Programu hiyo hutekeleza amri za programu nyingine, moja baada ya moja, huku ikihesabu ni mapigo mangapi ya saa ya prosesa yangalipita, na ni mara ngapi kitu kilichotafutwa katika ghala ndogo ya kumbukumbu kingalikosekana. Mojawapo ya programu za namna hii zilizoenea sana vyuoni ni SimpleScalar, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko Madison; maelezo ya toleo lake la pili yalitolewa na Doug Burger na Todd Austin mwaka 1997.

Mwigo wa namna hii ni mzito. Kazi ambayo kompyuta huimaliza kwa sekunde moja, mwigo wenye kufuata kila jambo huweza kuifanya kwa saa nzima au zaidi. Na tukadirie. Programu ya majaribio yenye amri bilioni 300, ikiigwa kwa mwendo wa amri 300,000 kwa sekunde, itachukua sekunde 1,000,000, yaani siku kumi na moja na nusu. Mkusanyo wa majaribio uliojulikana kwa jina la SPEC CPU2000 ulikuwa na programu 26. Mtafiti aliyetaka kulinganisha mipango kumi ya prosesa kwa programu zote hizo alihitaji miigo 260. Na kama kila mmoja ungalikuwa wa kadiri hiyo, kompyuta moja ingalifanya kazi kwa miaka minane na zaidi. Mwanafunzi wa udaktari hana umri wa kungoja hivyo.

Aliyekosa kompyuta nyingi alilazimika kulipunguza swali lake. Aliiga mwanzo tu wa kila programu, au alichagua programu chache akaziacha nyingine. Lakini mwanzo wa programu mara nyingi ni matayarisho, na tabia yake hailingani na ya kazi yenyewe. Mwenye kuhukumu kwa mwanzo huo aweza kuusifu mpango mbaya na kuutupa mwema. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Viwanda vya prosesa vilikuwa na uwezo wa kununua kompyuta nyingi za kuendeshea miigo yao, na vyuo ambavyo havikuwa na mali vingaliachwa kuuliza maswali madogo tu.

Jambo lililoleta faraja ni kwamba miigo hiyo 260 haitegemeani. Kila mmoja waweza kufanywa peke yake, popote, wakati wowote, na majibu yakakusanywa baadaye. Hapakuhitajiwa kompyuta moja kubwa yenye nguvu za ajabu. Kompyuta ndogo nyingi zilitosha. Na kompyuta ndogo nyingi vyuo vilikuwa navyo, zimekaa mezani, kazi hazina: usiku, siku za mapumziko, na hata mchana wenyewe wakiwa darasani.

Huko huko Madison, katika miaka ya 1980, Miron Livny na wenziwe walikuwa wamekwisha tengeneza mpango wa kuzitumia kompyuta za namna hiyo. Waliuita Condor, jina la ndege mkubwa wa Amerika anayefanana na tumbusi. Mwaka 1988 Michael Litzkow, Miron Livny na Matt Mutka waliueleza mpango huo katika makala waliyoipa jina lenye kumsifu kuwa mwindaji wa kompyuta zisizo na kazi, wakatoa hesabu za mwezi mmoja za kompyuta 23.

Ufundi wa Condor ulikuwa mwingi, lakini mtu akiuchungua ataona kwamba sehemu kubwa yake ilikuwa ni adabu ya mgeni. Condor iliitazama kila kompyuta, na ilipoona mwenyewe haitumii ilipeleka huko kazi ya mtu mwingine. Mwenyewe aliporudi akagusa kibodi, kazi ya mgeni ilisimama. Akiendelea kuitumia, hali yote ya kazi ile iliandikwa kama ilivyo, ikahamishiwa kompyuta nyingine, na kuendelea pale ilipokomea. Hivyo mwenye nyumba hakusumbuliwa, wala mgeni hakupoteza jasho lake. Tena kazi iliyokuwa ugenini haikuandika mafaili yake katika kompyuta ya mwenyeji: nyumbani ilikotoka palibaki programu iliyoitwa kivuli, na kila ilipotaka kusoma au kuandika, ilimtuma kivuli huyo.

Adabu ya pili ilihusu wageni wenyewe kwa wenyewe. Mtu mwenye kazi elfu angaliweza kuzimeza kompyuta zote, na mwenye kazi mbili asipate hata moja. Kwa hiyo kila mtumiaji aliwekewa hesabu: kadiri alivyotumia nguvu za wenzake, daraja lake lilishuka, kadiri alivyongoja bila kupewa, lilipanda. Mlafi hakufukuzwa, ila alifundishwa kupisha.

Mwaka 1996 ilitolewa habari ya jinsi makundi ya Condor ya miji mbalimbali, ya Ulaya na Marekani, yalivyounganishwa yakasaidiana. Mwaka 1998 Rajesh Raman, Livny na Marvin Solomon wakaeleza utaratibu ambao Mswahili ataufahamu bila kufunzwa, maana ni kazi ya mshenga. Kompyuta hutangaza sifa zake na masharti yake. Kazi nayo hutangaza mahitaji yake. Mshenga huwakutanisha wanaofaana, kisha hujitenga, na wao wenyewe hukamilisha mapatano. Mwenye kompyuta aliweza kusema kwamba hapokei wageni mchana, au kwamba jamaa wa utafiti wake watangulie.

Haikosi atakayesema kuwa haja ya kompyuta nyingi ilipungua, kwa kuwa mwaka 2002 watafiti wa San Diego, na mwaka 2003 wale wa Carnegie Mellon, walionyesha namna ya kuchagua vipande vichache vya programu ambavyo huwakilisha programu nzima. Ni kweli mwigo mmoja ulifupika. Lakini prosesa zenyewe zilizidi kuwa na mambo mengi, na mtafiti aliyepata nafuu aliitumia kuuliza maswali zaidi.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa usanifu wa vyuo kadha, wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Florida, waliunda kwa fedha za taasisi ya serikali ya Marekani ya kuendeleza sayansi ushirika wao wenyewe, ulioitwa Archer, wakaueleza mwaka 2008. Walichukua Condor, wakaitia ndani ya kompyuta ya kubuni, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, pamoja na zana za mwigo zilizokwisha tayarishwa. Mtandao wa kubuni uliziunganisha zote kana kwamba zimo chumba kimoja. Faida yake ilizidi ile ya nguvu: wenye zana zilezile, zilizopangwa vilevile, waliweza kuyarudia majaribio ya wenzao na kuona kama majibu ni ya kweli. Elimu isiyoweza kurudiwa ni uvumi tu.

Siku hizi mwenye fedha aweza kukodi kompyuta elfu kwa saa moja. Hata hivyo Condor, iliyopewa jina la HTCondor tangu 2012, ingali ikitumika, kwa kuwa kodi humfaa mwenye fedha na ushirika humfaa na asiye nazo. Wengi hudhani ushirika huanza watu wanapoacha kusema "changu". Historia hii yaonyesha kinyume: kompyuta zilitolewa kwa moyo mweupe pale wenyewe walipohakikishiwa kuwa zitarudi mikononi mwao mara watakapozihitaji. Anayetaka kuanzisha ushirika wa namna hii katika chuo chochote na aianze kazi yake hapo, kabla ya kuhesabu mashine.