Nani Apokee Lalamiko? Matamshi ya Chuki Mitandaoni Nchini Kenya tangu 2008

Matamshi ya chuki yaliyosambaa kwa simu nchini Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007 hayakuwa na pa kuripotiwa. Meseji za kuchochea kabila moja dhidi ya jingine zilipita simu hadi simu, na aliyezipokea alizifuta au alizisambaza, basi. Serikali ilifikiria kuzima huduma ya meseji nchi nzima. Michael Joseph, mkuu wa Safaricom wakati huo, aliishawishi isifanye hivyo, na badala yake kampuni ikawatumia wateja wake meseji za kuhimiza amani. Mashada, baraza la mtandaoni lililopendwa sana na Wakenya, lilifungwa Januari 2008 na David Kobia aliyekuwa akiliendesha, baada ya matusi ya kikabila kumzidi nguvu. Machafuko yalipotulia, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipitishwa mwaka huo huo, ikaunda Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano (NCIC). Kifungu chake cha 13 kinamtoza mchochezi faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Aliyelengwa ni msemaji, gazeti na kituo cha redio. Kampuni ya mtandao wa kijamii yenye makao California haikutajwa.

Pengo hilo lilizibwa kwanza na watu wasio na mamlaka yoyote. Kabla ya uchaguzi wa 2013, mashirika ya teknolojia ya iHub na Ushahidi yalianzisha mradi wa Umati. Wasomaji wake walipitia kurasa za mitandao kwa macho yao wenyewe, kwa Kiswahili, Kiingereza, Kikuyu, Dholuo, Kisomali na lugha nyinginezo, wakapanga kila chapisho katika mojawapo ya ngazi tatu za hatari. Sehemu kubwa mno ya uchochezi ilitoka Facebook, na waandishi wake wengi hawakujisumbua kuficha jina. Kule Twitter mchochezi alikuwa akikemewa na kudhihakiwa na watumiaji wenzake, mara nyingine mpaka akanyamaza.

Mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano na NCIC zilitoa mwongozo ulioitaka mitandao ifunge akaunti chochezi ndani ya saa 24 baada ya kuarifiwa. Muda kama huo ulikuwamo katika sheria ya Ujerumani ya mwaka huo, lakini Wajerumani waliambatanisha faini ya hadi yuro milioni 50, na Julai 2019 waliitoza Facebook yuro milioni 2 kwa kutoa taarifa pungufu kuhusu malalamiko iliyopokea. Mwongozo wa Kenya haukuwa na meno ya namna hiyo.

Mwaka 2019 Facebook ilianza kutumia kituo cha Nairobi kukagua machapisho ya Afrika. Kituo kiliendeshwa na mkandarasi, kampuni ya Sama. Ripoti ya mtumiaji ikishapita kwenye mashine huweza kupangwa foleni kulingana na lugha. Mkaguzi hufungua chapisho, huamua limevunja kanuni ipi au halikuvunja yoyote, kisha hufungua linalofuata. Jarida la TIME liliandika Februari 2022 kwamba wakaguzi wa Nairobi walitarajiwa kuamua kuhusu video kwa takriban sekunde 50, na kwamba baadhi yao walibaki na kama dola 1.50 kwa saa baada ya kodi. Mzigo wa kuhukumu damu na vitisho vya nusu ya bara ulikuwa umekabidhiwa watu ambao hawakuwa hata waajiriwa wa Facebook.

Gharama ya ripoti kuchelewa ilionekana Ethiopia. Profesa Meareg Amare wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar aliandamwa na machapisho ya Facebook yaliyotaja jina lake na mtaa wake. Mwanawe, Abrham, aliyaripoti. Novemba 3, 2021 profesa aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake; kwa maelezo ya mwanawe, jibu kwamba chapisho moja limekiuka kanuni lilikuja siku nane baadaye.

Mashine nazo hazikuaminika. Julai 2022 mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa matangazo ya kulipia yenye chuki za kikabila. Ya Kiswahili yalikubaliwa moja kwa moja. Ya Kiingereza yalikataliwa mwanzoni chini ya kanuni ya sarufi na lugha chafu. Yaliporekebishwa kidogo, yakapita. NCIC iliipa Meta, kampuni mama ya Facebook, siku saba kujirekebisha la sivyo ifungiwe, lakini mawaziri wakatangaza kwamba mtandao hautafungwa.

Wakati huo mahakama ilikuwa imeshaingia. Mei 2022 Daniel Motaung, Mwafrika Kusini aliyefukuzwa Sama baada ya kuwaunganisha wenzake kudai haki, alizishtaki Sama na Meta jijini Nairobi. Desemba Abrham, mwana wa Meareg, akafuata. Mwaka 2023, Sama ilipojiondoa katika kazi hiyo, wakaguzi zaidi ya 180 nao walikwenda mahakamani. Meta ilijitetea kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mahakama ya Rufani ilikataa hoja hiyo Septemba 2024 katika kesi za wakaguzi, na Mahakama Kuu ikafanya vivyo hivyo Aprili 2025 katika kesi ya Meareg. Maamuzi hayo hayakusema kama Meta ina hatia. Yalisema tu kwamba inaweza kushtakiwa Kenya.