Taarifa za mikopo zenye makosa: madai ya mkopaji wa Chanika, Handeni

Chanika inayozungumzwa hapa ni kata ya mji wa Handeni, mkoani Tanga, tofauti na Chanika ya Ilala, Dar es Salaam. Historia ya mkopo wa mkazi wake hutunzwa kama ya Mtanzania mwingine yeyote: katika Kanzidata ya Taarifa za Wakopaji iliyo chini ya Benki Kuu, ambayo msingi wake ni Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 na kanuni za mwaka 2012. Mabenki hupeleka humo taarifa za wateja wao, kisha kampuni zenye leseni, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, huzichakata na kumpa ripoti mkopeshaji anayeuliza. Mlolongo huu ndio unaoonyesha wa kudaiwa kosa linapotokea. Anayestahili kubanwa kwanza ni mkopeshaji aliyepeleka taarifa, kwa sababu yeye ndiye mwenye leja, mkataba na stakabadhi za malipo. Waliobaki wanapokea alichoandika.

Makosa yenyewe huwa ya namna chache: deni lililokwishalipwa linaendelea kusomeka kuwa halijalipwa, mtu anabebeshwa deni la mwenziwe wanayefanana majina, au mkopo wa simu unachukuliwa kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Tangu huduma ya mikopo ya simu ya M-Pawa ianze mwaka 2014, mtu anaweza kukopa bila kukanyaga tawi la benki, na hivyo hata anayeishi mbali na mji anaweza kuwa na rekodi ya mkopo asiyoijua. Hasara yake si ndogo. Mkulima wa mahindi wa Handeni au Korogwe akinyimwa mkopo wa mbegu na wa kulimia mvua zikikaribia, marekebisho yatakayokuja baada ya miezi mitatu hayatamrudishia msimu. Ndiyo maana kufuta kosa peke yake hakutoshi. Fidia nayo ni haki yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mhusika haki ya kuona taarifa zake, kutaka zirekebishwe na kudai fidia akipata madhara, na imeunda Tume ya kupokea malalamiko. Kando ya hiyo ipo njia ya mahakama, kwa madai ya uzembe, ambayo ukomo wake ni miaka 3. Kesi ya Richard Durkin wa Scotland inafaa kusomwa hapa. Mwaka 1998 alirudisha kompyuta aliyoinunua kwa mkopo, lakini benki ya HFC ikaripoti kuwa ameshindwa kulipa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa benki ilikuwa na wajibu wa kuchunguza kabla ya kuripoti, na Durkin akapata paundi 8,000. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Tanzania, lakini zinaweza kuipa uzito, maana sheria yetu ya uzembe ina asili moja na ya kwao.

Wapo watakaosema kampuni ya taarifa ndiyo iliyomchafua mkopaji, kwa kuwa ripoti imetoka kwake. Hoja hii ina nguvu pale tu kampuni ilipoarifiwa kosa na kuendelea kulisambaza, au ilipochanganya watu wawili yenyewe. Mabenki nayo yanaweza kudai kuwa hofu ya kushtakiwa itayafanya yaache kuripoti wadaiwa sugu. Lakini deni la kweli halifutiki kwa kesi. Kinachoadhibiwa ni kuripoti bila kuhakiki. Pingamizi zito zaidi ni gharama: wakili, nauli, siku za kazi zinazopotea. Hilo ni kweli, na kwa deni la kiasi kidogo kesi inaweza kumgharimu mdai kuliko deni lenyewe. Kwa hiyo mahakama iwe hatua ya mwisho, baada ya mkopeshaji, dawati la malalamiko la Benki Kuu na Tume. Mkopaji wa Chanika, omba ripoti yako, mwandikie mkopeshaji barua ukiambatanisha stakabadhi, na usiondoke ofisini bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.