Amiba wa puani na malaria iliyopanda kichwani

Ukivuka Mto Ruvu kwa barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, unaingia Fukayosi, nchi ya mashamba, ng'ombe na malambo. Ng'ombe wananywa lambo, kina mama wanachota, watoto wanapiga mbizi. Mtoto akishikwa na homa ghafla, kichwa kikamuuma, shingo ikakakamaa na akaanza kuweweseka, jirani atasema malaria imempanda kichwani. Mara nyingi jirani huyo amesema kweli. Lakini yapo maradhi mengine ya maji yenye dalili hizohizo, na historia yake inapita Afrika Mashariki.

Mwaka 1902 daktari kijana wa Kitaliano, Aldo Castellani, alifika Entebbe na tume ya Royal Society ya London kuchunguza malale, yaliyokuwa yakimaliza watu kandokando ya Ziwa Victoria. Alichukua maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, akayatazama kwa hadubini, akaona humo vimelea vya malale. Mwaka 1930, akiwa London, Castellani huyohuyo alikuta amiba katika chachu aliyokuwa akiiotesha maabara. Jamii hiyo leo inaitwa Acanthamoeba, na aina mojawapo imepewa jina lake. Wakati ule hakuna aliyeiogopa. Amiba wa kuogopwa alikuwa yule wa tumboni anayeleta kuhara damu, naye huishi kwa kumtegemea binadamu. Hawa wa Castellani wanaishi udongoni na majini, wanakula bakteria, wala hawatuhitaji.

Dharau hiyo iliisha mwaka 1958, Clyde Culbertson wa Marekani alipoona amiba hao wakishambulia ubongo wa panya na nyani wa maabara. Mwaka 1965, huko Adelaide, Australia, Malcolm Fowler na Rodney Carter walieleza vifo vya watu wanne, watatu kati yao watoto, ambao ubongo wao ulikuwa umeliwa na amiba. Mhusika, amiba wa jamii nyingine, baadaye aliitwa Naegleria fowleri. Yeye hupenda maji ya uvuguvugu na huvumilia joto la hadi nyuzi 45 hivi. Ukimmeza hakudhuru. Akipandishwa puani hufuata mshipa wa fahamu wa kunusia mpaka ubongoni, na wengi hufariki siku chache tu baada ya dalili kuanza. Wanaopona ni wachache mno duniani kote. Madaktari wa Virginia walipofukua kumbukumbu za zamani za hospitali, walikuta mgonjwa wa mwaka 1937. Maradhi yalikuwepo, yamezikwa kwa jina jingine.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba maji ya bomba nayo yamo katika habari hii. Port Augusta, Australia Kusini, ilipata maji yake kwa bomba lililopita juu ya ardhi mamia ya kilomita chini ya jua kali. Maji yalifika ya moto, na klorini imekwisha njiani, hali ileile anayoipenda amiba huyu. Huko Ústí nad Labem, Chekoslovakia, vijana 16 walikufa kati ya 1962 na 1965 baada ya kuogelea katika bwawa la ndani lililokuwa likitiwa klorini. Karachi, Pakistani, madaktari waliripoti wagonjwa 13 wa miaka ya 2008 na 2009, na mmoja tu ndiye aliyekuwa ameogelea. Waliobaki walishukiwa kuyapata maradhi kwa maji ya bomba ya kutawadha, yale yanayopandishwa puani.

Kwa pwani yetu ya misikiti, habari ya Karachi ni habari ya nyumbani. Mwaka 2016 watafiti nchini Uganda walitangaza kwamba katika eneo la hifadhi ya Queen Elizabeth wamewakuta amiba wa jamii hizi kwenye maji ya asili, na pia kwenye mabomba wanayochota wanakijiji.

Tanzania imepigania maji kwa hesabu ya umbali na ya lita. Mpango wa miaka 20 ulioanza 1971 ulitaka kila mwananchi apate maji yasiyozidi mita 400 kutoka kwake ifikapo 1991. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini, uliojengwa miaka ya 1970, ulipanuliwa kutoka lita milioni 182 kwa siku hadi milioni 270. Hayo ni mafanikio makubwa. Ila klorini inayopimwa mtamboni haisemi lolote kuhusu tangi jeusi la plastiki lililochomwa na jua mchana kutwa. Baada ya vifo kadhaa, jimbo la Louisiana nchini Marekani liliamuru mwaka 2013 klorini isipungue miligramu 0.5 kwa lita popote katika mtandao wa mabomba, hadi mwisho wake. Sisi nasi tupime penye koki ya mwisho, na tuanzie misikitini na shuleni. Kwa maji ya kupandisha puani, kuyachemsha na kuyapoza kunatosha.

Maradhi haya ni ya nadra, na mtoto mwenye homa Fukayosi apimwe malaria kwanza. Kipimo kikionyesha hana, aulizwe kama ameoga lamboni siku chache zilizopita. Maji ya uti wa mgongo wake yatazamwe yangali na joto la mwili, kwa hadubini, kama alivyofanya Castellani pale Entebbe. Yakipitishwa kwenye friji kwanza, amiba huacha kutembea, na mtaalamu wa maabara anaweza kumdhania chembe nyeupe ya damu.