Msalaba Mdogo wa Uzi Mwekundu

Historia ya Kanisa katika nchi hii ya Ungoni imezoea kuandikwa kwa matofali na kengele. Husemwa kwamba misioni ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898. Kwamba mwaka 1931 ilipewa daraja ya abasia yenye eneo lake la kiaskofu, na mwaka 1969 Songea ikawa jimbo. Kwamba hapa Hanga monasteri ya watawa Waafrika ilianza katika miaka ya hamsini, ikawa abasia mwaka 1994. Hayo yote ni kweli, na wengine watayaeleza vizuri kuliko sisi. Sisi tumechagua jambo lisilozidi ukucha wa kidole gumba: ule msalaba mdogo wa uzi mwekundu, ulioshonwa katikati ya kitambaa ambacho Padre hufutia kalisi.

Wakristu wengi hawajapata kuuona. Kitambaa hicho, yaani purifikatori, hukunjwa mara tatu kwa urefu, kikalazwa juu ya kalisi, na toka viti vya nyuma huonekana weupe tu. Msalaba wa namna hiyo hushonwa pia kwenye amikto, kitambaa chenye kamba mbili ambacho Padre hujitanda mabegani kabla ya kuvaa alba. Zamani aliubusu kwanza msalaba huo, ndipo akakivaa. Basi mshonaji alijua wazi kwamba kazi ya vidole vyake ingefika midomoni mwa kuhani.

Ufundi huu uliletwa kwetu na Masista. Wabenediktini wa kwanza, wakiwamo mabruda na masista, walifika pwani mwaka 1888, wakakaa Pugu. Njia ya kuja huku kusini haikuwa salama. Mwezi wa Agosti mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa vimewaka, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Mwaka huohuo misioni ya Peramiho ilichomwa moto. Vita vilipokwisha, ikaja njaa, nayo iliua watu wengi kupita bunduki. Kazi ilipoanzwa tena, ilibidi kujenga altare upya, na altare haiwezi kukaa tupu. Inataka nguo zake.

Kitambaa chenyewe kilikuwa tatizo. Nchi hii iliijua merikani, ambayo ni pamba, nayo iliuzwa madukani. Lakini tangu mwaka 1819 Roma ilikuwa imekataza pamba kwa vitambaa vinavyogusa Sakramenti. Ilitakiwa kitani, au katani laini ya Ulaya iitwayo hempu. Kitani hakilimwi kwetu. Kilisafirishwa kwa meli, na kila kipande kilihesabiwa. Hata kufua kulikuwa na amri yake: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kwamba maji ya kwanza yafuliwe na mwenye daraja takatifu, ndipo wengine wakifue. Kwa hiyo msichana aliweza kukishona kitambaa kwa mikono yake, lakini kikiisha kutumika altareni hakuruhusiwa kukifua kwanza yeye mwenyewe.

Tulipotakiwa kwa ajili ya Jubilei hii kwamba kila kigango kilete vitambaa vyake, tuliwauliza vijana wetu ni nani awezaye kushona msalaba. Walitazamana. Mashine wanaijua, ila sindano ya mkono ni kwa kifungo kilichokatika tu. Ndipo tukamwendea bibi mmoja wa hapa Hanga, aliyefundishwa na Masista alipokuwa msichana, tukamwomba atufundishe sisi wenyewe. Alicheka sana. “Mwalimu, wewe mwanamume?” Tukamkumbusha kwamba Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 55 ya Kanuni yake, anapotaja vitu ambavyo abati ampe kila mtawa, anataja pia sindano, pamoja na kisu na kalamu. Akanyamaza, akaleta kikapu.

Watu wa pwani huiita kazi hii kudarizi. Huku kwetu twasema kufuma, hata kama hakuna kinachofumwa. Kwanza kitambaa hukunjwa mara mbili, ili katikati yake ijulikane bila rula. Kisha hubanwa kati ya duara mbili za mti, kikaze kama ngozi ya ngoma. Uzi haufungwi fundo. Mkia wake hushikwa kwa kidole upande wa chini hata mishono ya kwanza iufunike. Kila mshono ni nyuzi mbili zilizopishana, ya chini ikilalia huku na ya juu ikilalia kule. Na zile za juu zote sharti zielekee upande mmoja, kama mahindi yaliyopigwa na upepo ule ule. Nyuzi za kitambaa huhesabiwa, wala hazikadiriwi. Aliyehesabu tatu hapa na nne pale atapata msalaba wenye bega moja.

Wetu wa kwanza ulikuwa na bega moja. Bibi alitupa merikani, akisema kwamba zamani hakuna msichana aliyepewa kitani kabla ya kushinda kwenye merikani. Msalaba wa pili ulinyoka, tukafurahi, tukaufua kwa haraka ya kuuonyesha. Na uzi, kwa kuwa tuliununua bila kuujaribu majini, ukachuja, pamba yote ikawa na rangi ya nyama. Tangu siku hiyo tunaloweka uzi usiku kucha kabla ya kuugusa.

Tukamwuliza kama anakumbuka majina ya wale alioshona nao. Akayataja, saba, akihesabu kwa vidole, kisha akasema kwamba hakuna aliyepata kumwuliza. Katika vitambaa hakuna jina hata moja, desturi haikuruhusu. Walimu, mnaofundisha watoto wetu, waulizeni wazee wa vigango vyenu mapema. Wamebaki wachache.

Siku hizi kitani si lazima tena kama zamani, na alba inayofunika shingo haihitaji amikto. Hata hivyo agizo la Roma la mwaka 2004 bado lakumbusha kwamba maji ya kwanza ya kufulia vitambaa hivi yamwagwe mahali pa heshima.

Msalaba wetu wa tatu tuliushona kwa jioni nne. Tulipompelekea, hakuutazama uso wake. Alisema, “Geuza, Mwalimu,” akausogeza dirishani, akapitisha kidole upande wa chini, akitafuta fundo. Hakulipata. Akakikunja kitambaa mara tatu kwa urefu, akakiweka juu ya vingine.