Kutoka Meza ya Siri hadi Rafu ya Vitabu: Mchambuzi wa Ujasusi na Historia ya Visiwa Vyetu

Neno usalama likitajwa, wengi humfikiria shushushu: mtu aliyejibanza kwenye kona ya mgahawa, gazeti usoni, masikio wazi. Mchambuzi wa ujasusi si huyo. Yeye ni mtu wa mezani. Taarifa hukusanywa na wengine, zikamfikia kwa mafungu: barua za balozi, matangazo ya redio za nje yaliyonaswa na kutafsiriwa, magazeti, maneno ya watoa habari. Kazi yake ni kuzipambanua, kuzipima moja kwa nyingine, kisha kuwaandikia wakubwa waraka unaosema kimetokea nini na nini kinaelekea kutokea. Wasomaji wake ni wachache, na wale anaowaandika kwa kawaida hawamo.

Kiswahili kina maneno mengi ya kupimia habari: bila shaka, yamkini, huenda, labda, inasemekana. Mchambuzi hushinda humo kutwa. Sherman Kent, aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Yale kabla ya kuwa mmoja wa waasisi wa uchambuzi wa kijasusi nchini Marekani, alisimulia kisa cha mwaka 1951. Yeye na wenzake waliandika kwamba upo uwezekano wa kutiliwa maanani wa Yugoslavia kushambuliwa. Baadaye akawauliza kila mmoja alikusudia kiasi gani. Majibu yalianzia asilimia 20 hadi 80, ilhali sentensi ilikuwa moja na wote walikuwa wameikubali. Mwaka 1964 Kent akapendekeza maneno hayo yapewe vipimo: "yamkini" iwe kama asilimia 75, na "karibu hakika" iwe 93. Jambo hilo lingewafaa hata waandishi wa habari wetu.

Katika historia ya Afrika Mashariki, mfano ulio wazi wa mchambuzi aliyegeuka mwandishi wa vitabu vya kitaaluma ni Helen-Louise Hunter. Alilitumikia shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kwa zaidi ya miaka 20, akiwa mtaalamu wa Mashariki ya Mbali. Tarehe 21 Februari 1966 ulikamilika waraka wake wa siri kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar na zile siku mia moja hivi kati ya tarehe 12 Januari 1964 na Muungano wa tarehe 26 Aprili. Waraka huo ulifungiwa kwa miaka 41. Mei 2007 CIA iliachia nyaraka 147 za aina hiyo, zenye kurasa zaidi ya 11,000, na wa Zanzibar ukiwamo. Mwaka 2010 ukatoka kama kitabu cha Hunter, kutoka kwa wachapishaji Praeger. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu juu ya Korea Kaskazini ya Kim Il-sung (1999) na kingine juu ya Sukarno na jaribio la mapinduzi ya Indonesia la 1965 (2007), jambo ambalo nalo alikuwa amelichambua akiwa kazini.

Hapa pana jambo la kulitazama kwa karibu. Zile nyaraka 147 zilihusu hasa Urusi ya Kisovieti, China na mvutano baina yao. Zanzibar iliwekwa kwenye kabati hilohilo. Kulikuwa na sababu: Abdulrahman Babu wa chama cha Umma Party alikuwa amekwenda China na kuliandikia shirika la habari la nchi hiyo, na baada ya Mapinduzi akawa waziri wa mambo ya nje. Washington ikaogopa kuwa na Cuba nyingine katika Bahari ya Hindi. Lakini kabati ndilo huchagua swali. Anayeuliza "China imeingiaje hapa?" atapata majibu mengi ya kweli kuhusu China, na machache kuhusu mchuma karafuu wa Pemba au mchukuzi wa bandarini Malindi, Unguja, na kwa nini yeye aliitaka au hakuitaka serikali iliyopinduliwa. Simtuhumu Hunter kwa uongo. Nasema aliandika jibu la swali aliloulizwa na mwajiri wake.

Miaka ileile mwanamke mwingine alikuwa akifanya utafiti wa namna tofauti kabisa, tena upande wetu. Pat Caplan, mwanaanthropolojia kutoka Uingereza, alifika kisiwani kwetu Mafia mwaka 1965 na kukaa katika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa. Alijifunza ardhi inavyorithiwa, ngoma za pepo, arusi na minazi, akarudi tena na tena kwa miongo iliyofuata. Kitabu chake cha 1997 kimejengwa juu ya masimulizi ya watu wa kijiji hicho wenyewe. Mmoja alikuwa na jalada, mwingine alikuwa na jirani. Jirani ana uwezo ambao jalada halina: anaweza kukwambia, "Hapo umekosea, mwanangu."

Mafia yenyewe imewahi kupita mikononi mwa watu wa taarifa. Kisiwa kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi kilipochukuliwa na Wajerumani mwaka 1890. Januari 1915 Waingereza wakakiteka, na ndege zao zikatumia kituo cha hapa kuisaka meli ya kivita Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji hadi ilipoangamia tarehe 11 Julai mwaka huo. Norman King, konseli wa Uingereza mjini Dar es Salaam kabla ya vita, alitumika upande wa taarifa vita vilipoanza. Mwaka 1917 akachapisha makala juu ya Mafia katika jarida la jumuiya ya kijiografia ya London. Kwa hiyo njia aliyopita Hunter ilikuwa imekwisha kukanyagwa, na kisiwa chetu kimo ndani yake.

Kinachombadilisha mchambuzi kuwa mwanazuoni si kustaafu wala jalada zuri la kitabu. Ni kuonyesha vyanzo. Ofisini chanzo hufichwa ili kilindwe. Katika taaluma chanzo hutajwa ili mwingine akikague. Ndiyo maana waraka wa 1966 ulianza maisha yake ya kitaaluma siku ulipoweza kujibiwa. Na masimulizi mengine hayakuchelewa. Mwaka huohuo wa 2010 Harith Ghassany alitoa *Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!*, kitabu cha Kiswahili kilichowapa nafasi wazee wa pande zote mbili za bahari, wakiwamo wa Tanga, waeleze walivyoshiriki katika Mapinduzi. Kilizua ubishi mkali ambao haujaisha. Hata hivyo ubishi huo umefanyika kwa lugha ya wenye historia, nao ni haki yao.

Leo msomaji aliyeko Baleni hapa Mafia, mwenye simu na bando la intaneti, anaweza kuufungua waraka wa Hunter na kuona kurasa zilizopigwa taipu, na juu yake maneno ya idhini ya Mei 2007. Asiishie kuusoma. Mtu aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1964 sasa ana miaka 80 hivi. Katika kata za Baleni, Kirongwe, Kanga na Jibondo bado wapo wanaokumbuka habari za Unguja zilifikaje Mafia, zililetwa na nani, ndugu waliokuwa ng'ambo walirudije, na biashara ya nazi na mbata iliyumba kiasi gani. Vijana, washeni vinasa sauti vya simu zenu, andikeni tarehe na mahali, ombeni ruhusa ya mzee, kisha msomeeni mlichoandika kabla hamjakipeleka popote.