Rangi Iliyokolea na Rangi ya Kweli

Kamusi inatupa kiwambo, maofisini wanasema skrini, na fundi wa Kariakoo anasema monita. Binafsi nakipenda kiwambo, kwa kuwa kimetokana na kuwamba, ile kazi ya kuvuta ngozi juu ya ngoma mpaka ikaze. Lakini ukiingia dukani ukaomba kiwambo, utaulizwa unataka nini hasa. Basi na tuseme monita, kwani hapo hatuna shida.

Shida iko kwenye rangi. Anayetafuta monita ya bei nafuu ya kusafishia picha za harusi au kubunia kanga huambiwa, "Chukua hii, ina rangi nzuri." Neno hilo nzuri limebebeshwa sifa tatu zisizofanana, na kila moja inastahili jina lake.

Ya kwanza tunayo tangu zamani: kukolea. Chumvi hukolea mchuzini, wekundu hukolea kwenye kanga, na kila mpishi anajua kwamba chumvi ikizidi mchuzi hauliki. Monita ya maonyesho dukani mara nyingi huwekewa mwangaza na ukolevu wa kupita kiasi ili imvutie mpita njia.

Ya pili naiita upana wa rangi, yaani ni rangi zipi monita inaweza kuzifikia. Kipimo chake cha kawaida ni sRGB, kilichobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na picha nyingi za mtandaoni hutengenezwa kwa kukifuata. Maelezo ya monita za bei ya chini, hata hivyo, hupenda kutaja NTSC, kipimo cha televisheni za Marekani cha mwaka 1953. Asilimia 72 ya NTSC inakaribiana na upana wote wa sRGB. Asilimia 45 haifiki hata theluthi mbili zake, na wekundu wa kanga ukipita hapo hutoka umepauka.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi: uhalisi wa rangi. Je, rangi unayoiona ndiyo iliyomo kwenye picha? Wataalamu hupima tofauti kati ya hizo mbili kwa delta E, na wastani ukiwa chini ya 2 jicho hupata taabu kuigundua. Monita yaweza kuwa na upana mkubwa na bado ikadanganya, kwa kuivuta kila picha ya kawaida ikolee kuliko ilivyo.

Hapa lugha yetu inatusaidia. Vivumishi vya rangi vyenye mizizi ya Kibantu ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi ya rangi nyingine tunazitaja kwa vitu: kijani kwa jani, zambarau kwa tunda lake, ngozi ya mtu kwa maji ya kunde. Kwetu, kuitaja rangi ni kuilinganisha na kitu chenyewe, na huko ndiko kuupima uhalisi. Kwa hiyo nenda dukani na picha ya mtu wa maji ya kunde unayemfahamu vizuri, iliyopigwa kwenye mwanga wa mchana. Ifungue, uutazame uso. Ukiwa umeingia wekundu wa kuungua au umegeuka wa majivu, monita hiyo si ya kazi yako. Kisha inama, uitazame kutoka chini: paneli, yaani kioo chenyewe, ikiwa ya aina ya TN itatia giza na kugeuza rangi; ikiwa ya aina ya IPS itabaki karibu vilevile.

Kwa kazi nyingi za picha, monita ya inchi 24 yenye paneli ya IPS na upana unaokaribia asilimia 100 ya sRGB inatosha, na haihitaji bei ya kutisha. Muulize muuzaji asilimia hiyo. Asipoijua, nakili namba ya modeli, ukaisome kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kutoa pesa.